Siku ya kupulizia dawa ya kupukutisha majani ya pamba: setilaiti, droni na kisu cha mfukoni

Swali: Nalima pamba hekta 120 na navuna kwa mashine. Msimu uliopita programu ya setilaiti kwenye simu ilionyesha shamba limefikia asilimia 65 ya kukomaa, nikapulizia dawa ya kupukutisha majani shamba zima ndani ya siku mbili. Upande wa bondeni vitumba vya juu, yaani matunda yanayobeba nyuzi, vilisinyaa bila kufunguka. Upande wa mwinuko majani yalikauka lakini yakabaki yamening'inia, na pamba ikachumwa pamoja na taka. Nina pia droni yenye kamera. Nivitumieje vifaa hivi ili nipate siku sahihi?

Jibu: Hasara zako mbili hazina chanzo kimoja, kwa hiyo tusizitibu kwa dawa moja. Bondeni ulipulizia mapema mno. Mwinukoni inawezekana kabisa siku ilikuwa nzuri, ila jani liliuawa kabla halijajiandaa kuanguka. Katikati ya hayo mawili kuna programu iliyokupa namba moja kwa shamba lenye hali mbili, tena namba ambayo setilaiti haina uwezo wa kuiona.

Gawa kazi hivi: picha zikuonyeshe pa kwenda, kuhesabu na kukata vitumba kukuambie pamba imefika wapi, na rekodi za joto zikuambie lini upulizie na dawa ya aina gani. Ukiipa picha kazi ya kisu utarudia hasara ileile hata ukinunua programu ya bei kubwa zaidi.

Kile ambacho setilaiti inaona

Programu nyingi hutumia picha za Sentinel-2, setilaiti za Ulaya, ambazo kwa bendi (sehemu za mwanga) zinazohusika hapa zina pikseli, yaani nukta ya picha, ya mita 10 na hurudi mahali palepale takribani kila baada ya siku 5 kama hakuna mawingu. Kutoka bendi ya 4, mwanga mwekundu, na bendi ya 8, infraredi ya karibu isiyoonekana kwa macho, hupigwa hesabu ya NDVI: infraredi ukitoa nyekundu, kisha ugawe kwa jumla ya zote mbili. Jani bichi hufyonza nyekundu na kurudisha infraredi, hivyo namba hupanda. Basi. Ni kipimo cha ukijani, na kitumba kilichofungwa chini ya majani hakimo kwenye hesabu hiyo.

Pamba inapokaribia mavuno NDVI hushuka, na hapo ndipo mtu hushawishika kusoma kushuka huko kama kukomaa. Lakini namba hushuka kwa sababu nyingi: majani kuzeeka, nyuzi nyeupe zilizofunguka kung'aa, ukame, mnyauko, upungufu wa potasiamu, utitiri. Vipande vitatu vinaweza kuwa na namba ileile ya 0.5 na vyote vikahitaji uamuzi tofauti. Kimoja kimefunguka vizuri na kinangoja dawa. Cha pili kimekauka kwa kiu, majani yake yamekuwa magumu kama ngozi na yatagoma kuanguka. Cha tatu kina mnyauko, na vitumba vyake vya juu havitakomaa hata ukingoja mwezi. Ile asilimia 65 huenda ilitokana na tarehe ya kupanda na mstari wa wastani, kisha ikapakwa rangi juu ya picha.

Kazi ambayo setilaiti inaifanya vizuri sana ni kugawa shamba. Usichukue picha moja. Chukua moja ya kilele cha ukuaji, na mbili za kipindi maua yanapopungua, kabla kitumba cha kwanza hakijafunguka, kwa sababu baada ya hapo weupe wa pamba unaanza kuchafua namba. Zikague zisiwe na vivuli vya mawingu. Ondoa ukanda wa mita 20 kutoka mpakani, maana pikseli za pembezoni huchanganya pamba na barabara au nyasi. Kisha gawa shamba katika kanda tatu: kijani sana, wastani, dhaifu. Tatu zinatosha, kwani ukigawa saba hutaweza kuzitembelea zote.

Kama pamba yako ni nene mno na ramani yote inaonekana kijani sawasawa, NDVI imefika mahali haipandi tena hata majani yakiongezeka. Hapo badili uone kielezo cha NDRE, kinachotumia bendi ya ukingo wa mwekundu badala ya nyekundu. Pikseli yake kwenye Sentinel-2 ni mita 20, lakini kinatenganisha vizuri zaidi sehemu zenye nitrojeni nyingi. Na hizo ndizo unazozitafuta: bondeni, ambako udongo umeshika maji na mbolea, mmea huendelea kuchanua baada ya wenzake kuacha, vitumba vyake vya juu huwa vichanga kwa majuma kadhaa, na ndiko machipukizi mapya hurudi haraka baada ya majani kupukutika.

Saa ya joto

Pamba haihesabu siku, inahesabu joto. Mfumo wa COTMAN wa kufuatilia ukuaji wa pamba, ulioendelezwa na Chuo Kikuu cha Arkansas pamoja na Cotton Incorporated, umesimama juu ya jambo hilo, na unaweza kuufuata kwa daftari na jedwali la kawaida la kompyuta.

Anza wakati wa maua. Tafuta ua jeupe la juu kabisa lililo nafasi ya kwanza kwenye tawi, yaani karibu na shina kuu, kisha hesabu vifundo vya shina kuu (mahali jani au tawi linapoota) kutoka hapo hadi kifundo cha juu chenye jani lililokunjuka. Rudia kwa mimea 10 kila kituo. Wastani ukishuka hadi 5, mmea umefikia ukomo wa ukuaji: ua linalotoka baada ya hapo mara nyingi halileti kitumba chenye uzito wa maana. Andika tarehe hiyo kwa kila kanda peke yake. Bonde lako linaweza kuifikia majuma mawili nyuma ya mwinuko, na tofauti hiyo peke yake ingetosha kueleza vitumba vilivyosinyaa.

Kutoka tarehe hiyo limbikiza joto. Kila siku chukua joto la juu jumlisha la chini, kwa Selsiasi, gawa kwa 2, toa 15.6, ambayo ndiyo msingi wa hesabu. Siku yenye 33 na 19 inatoa 26 ukiondoa 15.6, sawa na 10.4. Jumla ikikaribia 472, kitumba cha mwisho chenye faida kwa kawaida kimekomaa vya kutosha kustahimili kupukutishwa. Kwa siku za 10.4 hiyo ni kama siku 45. Msimu ukipoa hadi 28 mchana na 14 usiku, siku inatoa 5.4 tu, na kalenda inaongezeka karibu mara mbili.

Hapa kuna mtego unaoharibu kazi ya watu makini. Namba asili ya COTMAN ni 850, kwa Farenihaiti, na msingi wake ni 60. Ukiiingiza 850 kwenye kikokotoo cha Selsiasi utangoja karibu mara mbili ya muda unaotakiwa. Vilevile si vikokotoo vyote vina msingi wa 15.6, vile vya Australia kwa miaka mingi vimetumia 12, na vingine huweka kikomo cha juu ili siku ya joto kali isihesabiwe kupita kiasi. Kabla hujaamini jumla yoyote kwenye simu, fungua mipangilio uone kipimo, msingi na kikomo. Kama programu haikuonyeshi, piga hesabu mwenyewe.

Jambo jingine: joto la programu ni la mraba wa kilomita kadhaa, si la shamba lako. Hewa baridi hutiririka usiku na kutuama bondeni. Weka kihisi cha joto chenye kumbukumbu katika kila kanda, urefu wa mita 1.5, ndani ya kivuli kinachopitisha hewa. Linganisha usiku 10 na namba za programu, pata wastani wa tofauti, kisha rekebisha utabiri kwa tofauti hiyo. Kihisi kilichofungwa kwenye nguzo ya chuma juani ni kibaya kuliko kutokuwa nacho.

Kuhesabu na kukata

Jumla ya joto ikifika kama 400, ingia shambani. Kwa kila kanda chagua vituo vitatu kwenye ramani, uvihifadhi kwenye simu kwa majira ya GPS, na urudi hapohapo kila mara. Ukibadili vituo hutajua kama mabadiliko ni ya pamba au ya miguu yako. Kila kituo hesabu mimea 10 inayofuatana mstarini, bila kuchagua mizuri.

Kipimo cha kwanza ni asilimia ya vitumba vilivyofunguka. Hesabu vilivyofunguka, kisha vilivyofungwa ambavyo unakusudia kuvivuna. Vile vidogo vya kileleni ambavyo huna matumaini navyo viache nje ya hesabu. Ukipata 41 wazi na 27 vilivyofungwa, ni 41 kwa 68, yaani asilimia 60. Huo ndio mpaka unaotumika sana kwa pamba iliyozaa mfululizo bila mapengo.

Kipimo cha pili nakiamini zaidi, kwa sababu kinatazama kilichobaki na si kilichokwisha. Tafuta kitumba cha juu kabisa cha nafasi ya kwanza kilichopasuka kiasi cha kuonyesha nyuzi. Kutoka hapo hesabu vifundo hadi kitumba cha juu unachotaka kukivuna. Wastani ukiwa 4 au chini, ni salama kupulizia. Kama mimea imesimama mbalimbali, ngoja 3, maana mmea wenye nafasi hubeba vitumba vingi kwenye matawi ya pembeni, navyo ni vichanga kuliko vya shina kuu. Kukiwa na joto la kutosha mpasuko hupanda kifundo kimoja kwa takribani siku 3. Kwa hiyo kanda yenye 7 leo inahitaji kama siku 9, na zaidi kukipoa. Hesabu hii ndogo ndiyo inayokupa tarehe ya mbele; picha yoyote inakupa jana.

Vipimo viwili vikipingana, mara nyingi kuna pengo: wadudu au ukame waliangusha vitumba vya katikati, mmea ukazaa chini na juu. Asilimia inaweza kusema 70 huku ile 30 iliyobaki yote ni vitumba vya juu vyenye majuma kadhaa mbele yao. Hapo toa kisu.

Kata kitumba cha juu unachokitaka, katikati, kwa upana. Kikiwa kichanga, kisu hupita kwa urahisi, maji hutoka, mbegu ni nyeupe na ndani mna ute. Kilichokomaa hukataa kisu, nyuzi huvutika kama uzi kwenye ukingo wa kisu, ganda la mbegu limeanza kuwa la kahawia, na ukiipasua mbegu unaona majani madogo yaliyokunjwa yenye vidoti vyeusi, bila ute. Kata angalau vitumba 5 vya juu kila kituo. Kama 2 kati ya 5 vina ute, ahirisha siku 3 au 4 ukate tena. Dawa ya kufungua vitumba haikomazi kitumba. Inafungua kilichokwisha kukomaa. Kichanga hukauka na nyuzi zake nyembamba ndani, na hicho ndicho ulichokiona bondeni.

Tembelea vituo mara moja kwa juma hadi asilimia 40, kisha kila siku 3. Ingiza namba kwenye jedwali lenye safu za tarehe, kanda, joto limbikizi, asilimia, vifundo na matokeo ya kisu. Ukichora mstari wa vifundo dhidi ya tarehe utaona kila kanda itakatiza namba 4 siku gani.

Droni: mahali inaposaidia na mahali inapodanganya

Kamera ya droni huona pamba nyeupe vizuri, na programu za kuhesabu pikseli nyeupe ni nyingi. Kitumba kilichofunguka kina upana wa sentimita chache, hivyo ruka chini kiasi kwamba pikseli moja isizidi sentimita 1. Punguza mwangaza wa kamera, vinginevyo weupe huungua na vitumba viwili vinaonekana doa moja. Ruka saa ileile kila mara, umande ukiwa umekauka. Udongo mwepesi, mawe na majani yanayong'aa kwa jua navyo huhesabiwa kuwa pamba, kwa hiyo linganisha hesabu ya programu na hesabu ya mkono katika vituo vyako kabla ya kuipa shamba zima.

Kinachokosekana ni vitumba vilivyofungwa. Viko chini ya majani, na bila hivyo huwezi kupata asilimia. Zaidi ya hayo, vitumba hufunguka kuanzia chini, mahali majani yanapofunika, kwa hiyo bondeni droni itaona weupe kidogo hata kama chini kumefunguka, na mwinukoni penye majani machache itaona zaidi ya ilivyo. Itumie kulinganisha kanda yenyewe na kanda hiyohiyo ya siku 4 zilizopita, na kutafuta madoa uliyoyakosa kwenye ramani ya setilaiti.

Usiku ndio unaochagua dawa

Jani la pamba halianguki kwa sababu limekufa. Huanguka kwa sababu mmea umejenga tabaka la kutengana kwenye shina la kikonyo chake, na kazi hiyo huanza homoni ya ethilini inapopanda na ile ya oksini inapopungua. Inahitaji jani lililo hai kwa siku kadhaa, na joto. Ukiliua jani kwa siku mbili, tabaka halijengwi, na jani hubaki likining'inia. Mwinukoni kwako huenda majani yalikuwa yameshakuwa magumu kwa kiu. Dawa ya kuunguza kwa kipimo cha kawaida, mchana wa joto kali, huyachoma moja kwa moja. Sehemu kama hiyo inataka kipimo cha chini kinachokubaliwa na lebo kwa dawa za kuunguza, pamoja na kiambato cha kusaidia dawa kupenya ngozi ngumu ya jani pale lebo inaporuhusu.

Kwa hiyo unapofungua utabiri, usitazame siku ya kupulizia tu. Tazama joto la chini la usiku kwa siku 5 hadi 7 zinazofuata, baada ya kulirekebisha kwa kihisi chako. Thidiazuroni, ambayo ni nzuri kuliko nyingi kwa kuzuia machipukizi, hulegea usiku ukishuka chini ya takribani nyuzijoto 18. Ikichanganywa na diuroni hustahimili hadi kama 16. Ethefoni, inayofungua vitumba, nayo hutaka karibu 16. Dawa za kugusa kama karfentrazoni na piraflufeni hufanya kazi hadi karibu 13, lakini hazizuii machipukizi. Utabiri ukionyesha usiku wa 14 juma zima, kuongeza thidiazuroni maradufu ni kutupa fedha. Badili mchanganyiko, au pulizia mapema kidogo, kabla ya baridi hiyo, kama kisu kinaruhusu.

Mvua ina saa zake. Thidiazuroni pekee huhitaji kama saa 24 bila mvua, ikiwa na diuroni kama 12, ethefoni kama 6. Lebo ya chupa uliyoshika ndiyo yenye neno la mwisho juu ya namba hizi, pamoja na vipimo na muda wa kungoja kabla ya kuvuna. Utabiri wa mvua wa siku 1 hadi 3 unategemeka vya kutosha kuamua kupulizia. Wa siku 10 utumie kwa kupanga mafuta na vibarua tu.

Kuna swali ambalo wengi huliuliza wamechelewa: baridi inakuja na bado niko asilimia 50, nifanyeje? Piga hesabu ya joto lililobaki. Kama siku 10 zijazo zinatoa 3 kila moja, vitumba vya juu vitapata 30 tu, na havitaongezeka uzito wa maana. Kuvingoja ni kuhatarisha vile vya chini vilivyo wazi, ambavyo kila mvua inavipunguzia rangi na uzito. Hapo pulizia ukikubali kupoteza kilele. Kama siku hizo zinatoa 9 kila moja, ngoja.

Mashine nayo ina kalenda

Uvunaji huanza kwa kawaida siku 10 hadi 14 baada ya kupulizia. Ukichelewa, machipukizi mapya ya kijani huota na kuchafua pamba kwa rangi na unyevu. Hivyo usipukutishe eneo kubwa kuliko mashine inavyoweza kulimaliza. Mashine inayovuna hekta 12 kwa siku inahitaji siku 10 kavu kwa hekta zako 120. Ongeza siku za mvua na za matengenezo. Kupulizia yote ndani ya siku mbili, kama ulivyofanya, kulikuwa kosa hata kama pamba yote ingekuwa sawa.

Pulizia kwa mafungu ya hekta 35 hadi 40, yakiachana siku 3 au 4, ukianza na kanda iliyotangulia kufikia vifundo 4. Njia hii ya kubadili siku badala ya kubadili kipimo haihitaji mitambo ya kupulizia kwa ramani, na kwa maoni yetu ndiyo inayoleta faida kubwa kuliko zote. Fuata mistari ambayo mashine ya kuvuna itapita. Doa la hekta 2 katikati ya kanda kubwa usilitenge. Liende na wenzake.

Siku yenyewe

Kwa bomba la trekta lenga lita 100 hadi 150 za maji kwa hekta, zaidi bondeni penye majani mengi. Hakikisha kwa hesabu: lita za nozeli moja kwa dakika mara 600, gawa kwa kasi ya kilomita kwa saa mara nafasi ya nozeli kwa mita. Nozeli ya lita 0.8, kasi 8, nafasi 0.5: 480 gawa 4, lita 120. Pima kila nozeli kwa chombo. Inayozidi wenzake kwa asilimia 10 ibadilishwe.

Droni ya kupulizia hubeba maji kidogo, mara nyingi lita 15 hadi 30 kwa hekta, na matone huishia majani ya juu. Kwenye pamba nene panga mapito mawili yaliyoachana siku 7 hadi 10. La kwanza likiangusha paa la juu, la pili linafika chini. Bandika karatasi za majaribio zinazobadilika rangi kwa maji juu, katikati na chini ya mmea kabla hujaanza kazi kubwa. Karatasi ya chini ikibaki njano, dawa haijafika huko, haidhuru skrini ya droni inasema nini.

Upepo uwe kati ya kilomita 3 na 15 kwa saa, ukielekea mbali na mazao ya jirani. Ukimya kabisa wa alfajiri si salama: hewa baridi imelala chini, matone laini huelea na kusafiri mbali. Kama kituo chako cha hali ya hewa kinaonyesha tofauti ya kipimajoto kikavu na kibichi, fanya kazi kati ya 2 na 8. Ikipita 10 matone hukauka njiani. Ethefoni ichanganywe siku hiyohiyo, kwa maji yasiyo na pH ya juu, kwani kwenye maji ya magadi huanza kutoa gesi yake ndani ya tangi na majani hupata mabaki.

Kukagua baada ya kupulizia

Kabla ya kupulizia, funga utepe kwenye mimea 5 kila kituo na uhesabu majani yake yote. Siku ya 7 na ya 10 hesabu tena, ukitenga mabichi na makavu yaliyobaki. Mmea uliokuwa na majani 46 ukabaki na 5 mabichi na 4 makavu umepukutisha 37, asilimia 80. Hesabu ya makavu usiiruke, na usiipe setilaiti: jani kavu linalong'ang'ania halina ukijani, hivyo NDVI hushuka vilevile kama jani limeanguka au limekwama. Ramani ya msimu uliopita bila shaka ilionyesha mwinuko umefanikiwa.

Mabichi yakiwa mengi siku ya 7, pito la pili lina maana. Yakiwa makavu yaliyokwama, dawa zaidi haitayaangusha. Upepo na siku kadhaa vitayapunguza, na kilichobaki kitasafishwa kiwandani kwa gharama ya daraja la ubora. Kuanzia siku ya 14 NDVI inapata kazi yake tena, kwa sababu ikipanda hata kidogo kwenye kanda iliyopukutika, ni machipukizi, na kanda hiyo iruke foleni ya mashine.

Mwisho wa msimu weka robota za kila kanda kwa alama tofauti, ili matokeo ya maabara yarudi kwa kanda. Maikronea, yaani kipimo cha unene na ukomavu wa nyuzi, chini ya 3.5 bondeni, huku mwinuko ukiwa ndani ya 3.5 hadi 4.9, ni dalili kubwa kwamba bonde lilipukutishwa kabla ya nyuzi kujaa. Mwaka unaofuata lisogeze kwa siku unazozisoma kwenye jedwali lako la vifundo.